Jinsi Nilivyoipata Nyumba ya Bel-Air

Kapinga mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umeniambia nisikungoje kwa chakula kwa sababu hawatakuachia bila kukulisha. Mimi nimekaa mezani, kati ya masanduku yako mawili na ule mfuko wa sufuria. Barua hii nimeianza kwa Kifaransa mara mbili na nimeichana mara mbili. Kwa Kifaransa nilionekana kama mtu anayeomba kazi. Basi nitaandika Kiswahili cha shule, kile nilichofundishwa na mwalimu wangu wa darasa la nne, na pale ambapo watu wanasema nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Lubumbashi.

Sitakuandikia habari ya maji ya kuchemsha wala chandarua. Hayo nimekuambia wiki nzima mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misani, ulinishika mkono ukaniuliza, "Papa, unifundishe vile ulifanya mpaka banki ikakupa makuta ya nyumba. Na miye siku moya niombe yangu kule Kolwezi." Nikacheka. Nikasema, "Vumilia tu, weka makuta yako, pesa kidogo kidogo, itafika." Ukaitikia kwa kichwa, na tukatembea hadi nyumbani. Nilijua kwamba umejua sikukujibu.

Jibu lenyewe ni refu. Sijawahi kumpa mtu, hata mama yako Ngalula.

Ulipokuwa na miaka minne tulikuwa tunapanga mtaani Katuba, vyumba viwili. Mwenye nyumba aliiuza bila kutuambia, na yule aliyeinunua alitaka tutoke upesi. Tulipokawia alikuja na fundi, mchana, mimi nikiwa kazini, wakaung'oa mlango. Hawakugusa kitu kingine. Waliubeba mlango kichwani wakaenda nao. Niliporudi nilimkuta mama yako amekaa kwenye kiti pale ulipokuwa mlango, wewe umelala mapajani mwake, na majirani wanapita wanatazama ndani hadi kitandani. Hakulia. Alisema tu, "Kalonji, sitaki tena mulango ya mutu."

Tulikaa siku tisa na shuka limetundikwa pale, kisha tukapata chumba kingine. Lakini neno lile halikutoka masikioni mwangu. Nikaenda banki.

Wakati ule nilikuwa mtunza ghala wa Papa Paluku, yule mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo ambaye magari yake yalileta unga wa mahindi kutoka Zambia kupitia Mokambo. Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka tisa. Nilivaa shati la harusi yangu, nikapanga mstari, nikaitwa na mama mmoja mwenye miwani, Madame Kabedi, aliyeshughulikia mikopo ya nyumba.

"Papa, banakulipaka namna gani?"

"Mu mukono, Madame. Patron anatiaka mu bahasha."

"Fishi ya mushahara iko?"

"Haiko."

"Kontra ya kazi?"

"Haiko."

Aliweka kalamu chini. Hakunicheka, nakumbuka hilo. "Papa, sitaki kukudanganya. Ku macho ya banki, weye hauko."

Nilirudi kwa miguu toka mjini. Nilikuwa na mke, mtoto, funguo za ghala lenye mali ya watu, na mahali fulani palikuwa na karatasi ambayo bila hiyo sikuwepo. Wewe kesho unaenda kuanza kazi ya msaidizi wa mhasibu, una mkataba usio na mwisho, na fishi ya mshahara, ile karatasi ya malipo, utaipata tangu mwezi wa kwanza. Unaanzia mahali ambapo mimi nilifika baada ya miaka tisa. Usizitupe fishi zile. Ziweke zote, hata ile ya mwezi ambao watakukata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa woga. Kumwomba Papa Paluku mkataba kulinichukua miezi minne. Niliandaa maneno, nikayasahau, nikayaandaa tena. Siku niliyothubutu, tulikuwa tunahesabu mifuko iliyolowa mvua. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kalonji, miaka yote hii ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilizani utanifukuza, Patron."

"Mutu anayejua mifuko yangu yote kwa macho, nimufukuze niende wapi?"

Alinipa mkataba. Mshahara ulipungua kidogo kwa sababu ya makato ya serikali, lakini ukaanza kupitia banki, na kila mwezi nikapata fishi yenye jina langu. Nilirudi kwa Madame Kabedi. Akanieleza yaliyobaki, na hayo nakuandikia wazi maana ndiyo uliyoniuliza. Hawatakukopesha bei yote ya nyumba. Sehemu moja lazima utoe mwenyewe, na waione imelala kwenye akaunti. Malipo ya kila mwezi hayatapita theluthi ya mshahara wako. Nyumba utakayoichagua iwe na sertifika ya kweli ya umiliki, si karatasi za ofisi ya komini tu, kwa sababu sertifika ile ndiyo watakayoishika rehani mpaka umalize. Nyumba nyingi ambazo zinalingana na mfuko wetu hazina sertifika. Mimi nilitazama kumi na tatu kabla ya hii. Halafu akasema, "Na mwaka muzima, Papa, tutatazama akaunti yako. Makuta iingie, na ibakie."

Ibakie. Neno hilo nililibeba kama amri, na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Mdogo wangu Mutombo unamkumbuka. Unamwita Papa Mudogo wa Kambove, na umeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini haji kwetu. Wakati ule alikuwa mchimbaji, kijana mwenye kifua, anashuka kwenye mashimo na kamba na tochi. Niliposema nataka kufungua akaunti ya nyumba, alikuja Lubumbashi bila kuitwa. Alitoa makuta yaliyoviringishwa kwenye kitambaa. "Yaya, kaka yangu," alisema, "fungua nayo kitabu ya banki. Chumba moya iwe yangu, siku nitachoka na mashimo." Mama yako alimkumbatia. Mwanangu, makuta ya kwanza ya nyumba hii hayakuwa yangu.

Mwaka ule niligeuka mtu mwingine. Mchana kazini nilikula hindi moja la kuchoma. Wenzangu wakichangia msiba nilitoka nje. Kila mwezi niliomba banki wanichapie karatasi ya salio, nikamletea mama yako, naye aliiweka ndani ya Biblia. Tulikuwa tunaitazama kama picha ya mtoto. Sijui kama uliwahi kutuona tumefurahi kuliko vile.

Miezi tisa tangu nianze kuweka akiba, Marthe, mke wa Mutombo, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Yaya, shimo imebomoka. Bamemutoa muzima, lakini muguu imepondeka. Daktari ya hapa anasema inaweza kupona kama tunamupeleka Lubumbashi kwa mupasuaji, kwa siku chache tu, baadaye apana. Lakini banaomba makuta mbele. Yaya, tusaidie."

Nilikuwa nimesimama kati ya mifuko ya unga. Makuta yalikuwepo. Nilijua hesabu yake hadi senti ya mwisho. Nikasema, "Shemeji, sina. Nitatafuta."

Sikutafuta. Nilimtumia kidogo kwa simu, kiasi cha dawa za wiki moja. Mama yako alipouliza nilimwambia nimetuma yote waliyoomba. Akaniambia, "Mungu akubariki, baba Kapinga," akaenda kupika. Nilijiambia imebaki miezi mitatu tu. Nikitoa sasa, akaunti itashuka, Madame ataona, mwaka utaanza upya, na mwenye chumba tulichopanga naye anaweza kukiuza. Nilijiambia daktari wa Kambove huenda amekosea. Niliyasema mengi, Kapinga. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mwezi huo sikumpa mama yako karatasi ya salio. Nilisema mashine ya banki imeharibika. Niliificha kwenye mfuko wa ndani wa koti langu.

Jumapili nilienda Kambove. Ilikuwa Juni, unaijua baridi ya Juni. Mutombo alikuwa amelala kwenye wodi yenye dirisha lililovunjika, mguu umevimba, rangi yake siwezi kukuandikia. Hakuniomba kitu. Aliuliza habari zako, kama umeanza shule. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nikavua koti, nikamfunika mabegani, nikahisi kwamba angalau hilo nimelifanya. Nilipanda gari la kurudi katika shati tupu, na baridi ile niliyoisikia njiani niliihesabu kama malipo.

Alhamisi waliukata mguu.

Miezi mitatu baadaye banki ilikubali. Ilikuwa na haki ya kukubali: akaunti yangu haikuwa imetetereka hata mwezi mmoja. Madame Kabedi alinipa mkono akasema, "Papa, sasa uko." Nikasaini kurasa nyingi. Tukahamia hapa Bel-Air, vyumba vitatu na uwanja mdogo, na mama yako siku ya kwanza alifungua na kufunga mlango wa mbele labda mara ishirini. Wewe ulidhani ni mchezo ukajiunga nao.

Tuliwaita watu wachache kwa sala ya kufungua nyumba. Mutombo alikuja. Alishuka kwenye teksi na magongo mawili, Marthe hakuwepo, na kwenye bega alikuwa na koti langu, limefuliwa, limepigwa pasi. Wewe ulimkimbilia ukataka kupanda gongo, naye akakupandisha, nakumbuka kicheko chenu. Baada ya sala, watu wakiwa wanakula, alinifuata kwenye korido. Alinipa koti. Kisha akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati lake, imekunjwa mara nne.

"Yaya, nimekuletea karatasi yako. Nilizani banki inaweza kukuomba."

Nilijua ni nini kabla sijaifungua. Ilikuwa na tarehe ya Ijumaa, siku mbili kabla ya kumkuta kitandani. Ilikuwa na jina langu, na chini, salio.

Nilifungua kinywa. Yeye akatazama kando, akasema supu ya shemeji inanukia vizuri, akarudi kwa watu. Alikula. Alisifu nyumba, alisifu rangi ya ukuta. Mama yako alikuwa amemtandikia chumba cha nyuma, shuka mpya, na kiti karibu na kitanda cha kuwekea magongo. Alimshukuru sana. "Siwezi kulala, shemeji, Marthe iko peke yake." Akaondoka jioni. Hakurudi tena.

Mama yako alishangaa hadi mwisho. "Juu ya nini Mutombo hakuye? Tulimukosea wapi?" Nikasema ni magongo, safari inamchosha. Aliendelea kukitandika chumba kile kila sikukuu. Na miaka minane baadaye, alipougua, ukiwa na miaka kumi na minne, alikufa akiamini kwamba mume wake alitoa yote aliyoombwa na bado mguu haukupona. Wakati mwingine wanawake wa kanisa wananiambia vile mama yako alivyokuwa anawasimulia wema wangu kwa ndugu yangu. Nainama tu.

Tangu pale nimekuwa nikienda Kambove mara moja kwa mwaka. Mutombo anatengeneza redio na simu mbele ya nyumba yake. Ananipokea vizuri sana. Anamtuma mtu Fanta baridi, anafuta kiti, anauliza habari za kazi. Ananipokea kama mgeni. Nakaa saa moja, naaga, naye anasema, "Safari njema, yaya," na mkono wake tayari umerudi kwenye redio.

Miaka miwili iliyopita nilimaliza kulipa. Nilienda kuchukua sertifika. Madame Kabedi alikuwa karibu kustaafu, nywele nyeupe, akanikumbuka. Nilikuwa na swali nililolibeba tangu Juni ile, nikamwuliza kama kwa utani, "Madame, kama mwaka ule ningetoa makuta juu ya ugonjwa ya ndugu, mungenifukuza?"

Alifikiri. "Kukufukuza? Apana. Ungenieleza, ungeleta karatasi ya hospitali. Tungengojea labda miezi sita tena."

Miezi sita, Kapinga. Nilikuwa nimewahi kungoja gari la unga la Mokambo wiki tatu bila kulalamika.

Nilirudi nyumbani na sertifika kwenye bahasha ya kaki. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Wewe ulikuja jioni na mtihani kichwani, nikakupakulia, ukala huku unasoma. Sikutaka kukukatiza. Niliiweka kabatini. Nilitembea vyumba vitatu, nikakaa kwenye kile cha nyuma mpaka giza likaingia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nimeimaliza nyumba, na kila niliyemjengea nyumba hiyo katika mawazo yangu hayumo. Wewe ulikuwa umebaki. Kesho na wewe unaondoka, kama inavyotakiwa, na sikuandiki haya ili ukae.

Naandika kwa sababu umeniuliza namna nilivyofanya, na sitaki uende Kolwezi na nusu ya jibu. Omba mkopo. Utaupata, una akili na una karatasi kuliko mimi. Ukienda, muulize yule atakayekuwa nyuma ya meza kila kitu, hata kile unachoogopa jibu lake. Mimi niliuliza baada ya miaka kumi na mitano. Nilimsikia Madame akisema makuta yabaki, na sikumwuliza hata mara moja, na kama kuna mtu anakufa? Banki haikunikataza kumsaidia Mutombo. Hakuna mtu aliyenikataza. Nilikataa mimi, na nikaiweka banki mbele yangu kama ukuta wa kujifichia.

Sasa nakuambia la mwisho. Jana, Jumamosi, nilikuambia naenda kuhesabu mali ghalani. Nilienda Kambove. Nilikaa kwenye kile kiti, nikaikataa Fanta, nikasema, "Mutombo, siku ile nilikuwa na makuta."

Alikuwa anafungua redio kwa bisibisi ndogo. Hakuacha. "Najua, yaya. Nilisomaka."

"Juu ya nini haukusema kintu?"

"Nilikuwa nangojea useme weye." Akazungusha bisibisi. "Niliona tutakufa bote, na bantu basema tulikuwa bandugu bazuri."

Marthe alitokea mlangoni, akatutazama, akarudi ndani. Kisha Mutombo akaniuliza, "Ngalula alijua?"

"Apana."

Hapo ndipo alipoiweka bisibisi chini. "Ile njo mubaya kupita muguu," alisema.

Sikuomba msamaha kwa maneno mengi. Nilisema neno moja na likanishinda katikati. Yeye hakusema nimekusamehe, wala hakusema usirudi tena. Saa ya gari ilipofika nilisimama. Alinitazama nikifunga koti, akasema, "Mutoto anaenda lini Kolwezi?"

"Kesho kutwa, Jumatatu. Na bus ya asubuhi."

"Ile inasimamaka Likasi, karibu na hapa, bantu bakule chakula." Akachukua redio tena. "Umuambie nitakuwa pale. Nataka nimuone vile amekomaa."

Hakusema kwamba ananiita na mimi. Nilingoja kidogo kama ataongeza. Hakuongeza, nikaenda zangu.

Ndiyo maana barua hii nitakupa mkononi kesho, na nitakuomba uifungue bus ikishaanza kwenda, si kabla. Nataka ufike Likasi ukijua ni nani anayekungoja na kwa nini. Usimwombe kitu kwa ajili yangu. Usinitetee. Kama utakuwa umenikasirikia, kasirika, utakuwa na haki, na simu yangu itakuwa wazi siku yoyote utakayotaka kuniambia.

Bus inakaa pale dakika ishirini. Atakuwa amesimama, maana hapendi kukaa mbele ya watu, na hawezi kupita kati ya wauzaji kuja hadi dirishani kwako. Shuka wewe, mwanangu. Hata kama shofa anapiga honi, shuka.

Papa yako,
Kalonji